Kofia ya Joakim

Ukiniona mahali natikisa kichwa kukubali huku mtu anaongea, ujue simsikilizi. Nakuambia mapema tusije tukalaumiana. Mimi Gaudiosa, mama Kilian, nikisikiliza kweli nainama. Naweka mikono katikati ya magoti, naangalia chini, na hata inzi akinitua usoni simfukuzi. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wamatengo wa huku milimani juu ya Mbinga. Zamani wanaume walikuwa wanakula pamoja kwa mkubwa wa ukoo, pale panapoitwa sengu, na maneno mazito yalisemwa palepale baada ya ugali. Mtu akianza kusema, wote vichwa chini. Kumkodolea macho ni kumpima. Kumtikisia kichwa ni kumwambia afanye haraka amalize. Sengu zenyewe siku hizi huzioni, lakini kuinama kumebaki. Hata padri akihubiri kitu cha kutuchoma, kigango kizima kinaangalia sakafu.

Sasa wakaja watu wakatuambia kuinama ni kulala.

Tulikuwa na bwana shamba mmoja, Ambokile, kijana wa Rungwe. Kabla yake walipita wengine ambao viatu vyao havikuwahi kuona tope letu. Mtu anasimamisha pikipiki barabarani, anapiga honi, "Mama, kahawa zinaendeleaje?" Kabla hujamaliza kusema hazijambo, ameshatia gia. Ambokile alishuka mteremkoni kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, akashika jembe akalima na sisi mpaka akajua kwa nini tunalima hivyo. Mwaka ambao ugonjwa wa chulebuni ulitaka kutumalizia kahawa yote ikiwa mbichi mtini, ni yeye aliyesimama na mume wangu Tarsisi, mti kwa mti, akimwonyesha tawi la kukata na la kuacha. Kahawa ikarudi. Kilian wangu amesoma kwa kahawa hiyo. Basi usiniambie habari ya bwana shamba mwingine, nitakusikia tu kwa adabu.

Tatizo ni kwamba Ambokile hakuwa wa serikali. Alikuwa wa mradi, na mradi ukaamua kupunguza watu. Walikuwepo wawili: Ambokile huku kwetu milimani, na mwenzake Osward kule chini ziwani, Ngumbo. Atakayebaki ni mmoja. Na wa kuamua nani abaki, jamani, hakuwa mkulima, wala kahawa, wala muhogo. Ilikuwa kamera.

Aliyeileta ni dada wa mradi anaitwa Asnath. Sitaki kumsema vibaya, alikuwa na adabu zake, alitusalimia wazee wote shikamoo mmojammoja. Akasimamisha kamera yake ya miguu mitatu kwenye ukumbi wa kigango, ikitutazama sisi, si Ambokile. Akasema mwili wa mtu hausemi uongo. Anayependa somo anainua uso, anaegemea mbele, anatikisa kichwa, anacheka. Asiyependa anainama, ananyamaza. Kompyuta inahesabu yote yenyewe, haina upendeleo.

Siku ile Ambokile alitufundisha kupogoa kahawa, na alitufundisha vizuri sana. Nakumbuka kila neno mpaka leo, niamshe saa yoyote nitakusimulia. Ukumbi ulikuwa kimya, ungesikia kuku akiparura nje. Ambokile mwenyewe alikuwa ameshatuzoea. Alikuwa akisema, "Nikiona mmetulia hivi, najua limeingia." Akamaliza akiwa na furaha.

Baada ya wiki Asnath akarudi na majibu, akayawasha ukutani. Watu wa Ngumbo walikuwa kijani kibichi kama mgomba. Sisi tulikuwa wekundu kuanzia benchi la kwanza hadi la mwisho.

"Wazee wangu," akasema kwa upole, "hapa mlikuwa mmelala."

Nani alilala? Mimi nilale Ambokile anaongea? Nilitaka kusimama, Tarsisi akanivuta kanga.

Na wale wa Ngumbo unawajua. Wanyasa wa ziwani ni watu wa kuchangamka, ndugu zetu, siwalaumu. Msemaji akifungua mdomo wanamjibu kabla hajasema, wanapiga makofi, wanaegemeana kwa kucheka. Nilikutana na mama mmoja wa huko sokoni Mbinga anauza usipa, wale dagaa wa ziwani, nikamuuliza: hebu niambie dada, huyo Osward aliwafundisha nini siku ya kamera? Akafikiri, akashika kiuno, akasema, "Mwenzangu, sijui. Lakini tulicheka!"

Ambokile alijaribu kumweleza Asnath. Nilikuwa jirani, nilisikia. "Dada, hawa wakinyamaza ndiyo wanasikiliza. Njoo kesho twende mashambani, uone kama hawakupogoa nilivyosema."

Asnath akafunga zipu ya mkoba wake. "Kaka Ambokile, kamera haiendi shambani," akasema. "Ila nitakuja mara moja tena, nikupe nafasi ya mwisho. Wazee wakiwa hivi hivi, sitakuwa na la kufanya."

Hapo ndipo shemeji yangu Joakim alipopata akili. Joakim ni mdogo wa mume wangu na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, na akipata akili huwa haambiliki. Akatuita wote jioni kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, bila Ambokile kujua.

"Mnamtaka Ambokile au hamumtaki?" akauliza.

Tukasema tunamtaka.

"Basi tutacheza kama wanavyotaka. Niangalieni mimi. Mimi nitakaa benchi la mbele pembeni, mahali wote mnaniona. Nikigusa ukingo wa kofia, mnaegemea mbele. Nikiisogeza nyuma, mnatikisa vichwa. Nikiivua, mnacheka. Ni kazi?"

Si kazi? Wee! Ungetuona tulivyojifunza. Watu wazima, wajukuu tunao, tumekaa kwenye magunia tunatikisa vichwa kama mbuzi waliokula majani mabaya. Mzee Mansuetus alikuwa anacheka wenzake wakiwa wameshanyamaza. Mimi shingo yangu ilikuwa inakwenda upande badala ya mbele, Joakim akanifokea mbele za watu: "Shemeji, hapo unakataa! Unasema hapana!" Tulicheka mpaka machozi. Nikiyakumbuka machozi yale leo sioni cha kuchekesha.

Mama mkwe wangu, Bibi Tereza, alikataa katakata. "Nimtikisie kichwa mtu anayenifundisha? Mimi nimekuwa kinyonga?" Tukambembeleza, wapi. Joakim akasema huyu atatuharibia, kamera itamwona ameinama peke yake katikati ya watu. Basi siku yenyewe ilipofika tulimwacha nyumbani na vifaranga.

Siku hiyo Ambokile aliingia amevaa shati la kanisani. Alikuwa na shina la kahawa mkononi, limekatwa, na mara alipoliinua juu Joakim akagusa kofia. Puu! Ukumbi mzima ukaegemea mbele. Ambokile akashtuka. Nilimwona, alirudi nyuma hatua kabisa, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu asiowajua. Asnath nyuma ya kamera akatabasamu.

Akaanza. Ilikuwa habari ya bungua, yule mdudu anayetoboa shina la kahawa na kula ndani. Hayo nilishika: ukiona unga kama wa msumeno chini ya shina, mti umeshaingiliwa. Ng'oa. Hilo "ng'oa" nililisikia vizuri kwa sababu wakati ule Joakim alikuwa anapenga kamasi, mikono yake yote iko kwenye leso. Kisha mkono ukarudi kwenye kofia, na mimi macho yangu yakarudi kwenye mkono.

Hujui kazi ya kuonekana unasikiliza mpaka uifanye. Inakumaliza. Unasubiri kofia, unajiuliza imesogea au anajikuna tu, unatupa jicho kwa jirani kama ameanza, unatikisa, unawaza umetikisa sana au kidogo. Sauti ya Ambokile ilikuwa inapita huko juu kama redio ya jirani. Akasema jambo kwa sauti ya chini, akalirudia. Sisi tuk! tuk! tuk! na vichwa. Akalirudia tena, polepole, akitutazama usoni mmojammoja kama anamtafuta mtu. Joakim akavua kofia. Tukacheka.

Loo, tulikuwa kijani siku ile! Asnath alituonyesha palepale kwenye kompyuta yake, hakungoja wiki. Tumewapita Ngumbo. Akampa Ambokile mkono, akasema hajawahi kuona mabadiliko ya namna hii tangu aanze kazi. Joakim akatembea ukumbini kifua mbele kana kwamba amemuua chui.

Watu walipotoka, Ambokile akanifuata chini ya ukuta wa kigango nilipokuwa najifunga kanga.

"Mama Kilian, leo mlikuwa na nini? Nimeongea na watu nisiowajua."

"Tumekusaidia, baba," nikamwambia, nina furaha yangu. "Umebaki. Hujamwona dada alivyocheka?"

Nikamweleza yote, na kofia. Nilidhani atacheka. Aliinama. Kijana wa Rungwe, lakini alikuwa ameshajifunza kwetu, akaweka mikono nyuma akaangalia chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyesikia."

"Tumesikia, kung'oa."

"Kung'oa ni nusu, mama. Jumatatu nitaanza kupita nyumba kwa nyumba niwarudie yote."

Jumapili mradi ukamwita Songea. Walitaka kumpongeza. Mtu anayeweza kuamsha wazee waliolala vile, wakasema, ni hasara kumwacha kijijini. Akapewa kazi ya kufundisha mabwana shamba wa mikoa mingine jinsi ya kuwachangamsha wasikilizaji. Nasikia alikataa, akaambiwa nafasi ni hiyo au hana nafasi. Ana mke na watoto, angefanyaje? Aliondoka na basi la alfajiri, mizigo yake ikaja kuchukuliwa na gari la mradi. Na kwa kuwa lazima awepo wa kubaki milimani na ziwani, akabaki Osward.

Basi, ndiyo tulichojipatia kwa akili zetu. Tulimshindia Ambokile mpaka wakamchukua.

Osward alikuja na kipaza sauti. "Kahawa hoyee!" Tukaitikia hoyee. "Mbinga juu!" Tukasema juu. Tulipomuuliza habari ya bungua, akatuzuia kwa kiganja. "Hilo mlishafundishwa, wazee wangu. Nimeona kwenye video, mlielewa kuliko kijiji chochote. Leo tuna mada mpya." Ukimwambia hatukuelewa, unamwambia pia kwamba tulidanganya kamera, na Joakim alituonya tukisema hivyo Ambokile anafukuzwa hata huko aliko. Simu ya Ambokile tulikuwa nayo. Lakini tungempigia tumuulize nini? Ile nusu aliyoitaja nilidhani ni kitu kidogo tu, kubwa tumeshafanya: amesema ng'oa, tumeng'oa.

Tarsisi ndiye aliyeng'oa kuliko wote. Mume wangu si mvivu, na ile kahawa kaachiwa na baba yake. Kila mti alioukuta na unga chini aliung'oa na mizizi, akiwa na uchungu kama anazika. Na kwa kuwa si mtu wa kupoteza kitu, akaikatakata vizuri, akaipanga nyuma ya jiko langu, rundo zuri limefika dirishani. Kuni za kahawa zinawaka vizuri, kila mwanamke wa huku anajua. Majirani wakaiga. Nilimsifu. Nilimwambia baba Kilian, mwaka huu mvua zikianza nitapika bila kuhangaika.

Mvua zikaanza. Niliwaona wadudu weusi wenye vipapasio virefu wakitembea kwenye ukuta wa jiko, mmoja nikamfagia kwa ufagio. Sikuwaza kitu.

Mwaka uliofuata majani yakaanza kuwa ya njano upande wa karibu na nyumba. Mwaka huu imekuwa shamba zima. Unashika mti kuutikisa tu, unakatika mkononi, ndani mweupe umejaa vitobo. Ukipita kijijini kwetu sasa hivi utadhani moto umepita. Tarsisi anakaa kwenye ngazi ya nyumba, anatazama mteremko aliopanda baba yake, nikimpelekea uji unapoa.

Sasa juzi Osward akatuita kigangoni. Kamera ipo, ile ile. Akasema ana habari njema: kijiji chetu kimekuwa mfano. Ile video yetu inaonyeshwa kwenye mafunzo yote, watu wanajifunza kwetu namna ya kusikiliza, kwa hiyo tunastahili kujiona. Tuliingia wachache, wengi hawana nguvu za mikutano siku hizi. Tarsisi nilimvuta mkono nikaenda naye, nikidhani atacheka akimwona Mzee Mansuetus. Bibi Tereza naye alikuja, hakuna aliyemzuia safari hii. Joakim alikaa nyuma kabisa, bila kofia.

Osward akawasha. Tukajiona ukutani, wanene, wachangamfu, nguo za Jumapili. Nilijiona mimi benchi la pili, macho yanang'aa, yamekwenda pembeni. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na kofia ya kuangalia, nikamsikia Ambokile.

Alisema hivi, polepole, kwa sauti ile yake ya chini: "Ukishang'oa, uchome palepale shambani, kabla mvua hazijaanza. Usiupeleke nyumbani. Mti wenye bungua usiufanye kuni. Mdudu yuko hai ndani ya gogo, mvua ikinyesha atatoka, atarudi shambani na kumaliza miti yako yote."

Ukutani, tukatikisa vichwa.

Akalirudia. Usiufanye kuni. Tukatikisa vichwa, Tarsisi akiwa mmojawapo, anatikisa kwa nguvu, mtu mwenye bidii.

Ukumbini nilimwona Mzee Mansuetus ameinama. Bibi Tereza ameinama. Tarsisi alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti, kichwa kimeshuka mpaka nikaona kisogo chake. Wote tulikuwa chini. Tangu Ambokile aondoke hatukuwahi kusikiliza namna ile.

"Jamani!" Osward akapiga makofi. "Mbona mmelala? Inueni vichwa, kamera inawaona! Angalieni wenyewe mlivyokuwa mnapendeza!"

Nikainua uso. Sikuinua kwa ajili yake, nilisikia naitwa jina. Ambokile ukutani alikuwa ameshuka jukwaani akasimama mbele yangu na lile shina mkononi, karibu kabisa, ananitafuta macho.

"Mama Kilian," akaniuliza, "hili la kuni umenielewa?"

Na yule mwanamke mwenye kanga yangu akatupa jicho kwa Joakim, akangoja, kisha akatikisa kichwa vizuri, mbele, kama alivyofundishwa, akacheka.